DAQ, streini geji na sensa ya presha kwenye tangi moja: presha inagoma bar 4, streini inaruka ruka

mpimatangi

Wakuu habari za humu. Naomba msaada kwa wenye uzoefu na DAQ (kadi ya kukusanya data za vipimo kwenye kompyuta) maana vipimo ninavyopata havielekei kabisa.

Nina tangi dogo la chuma, kipenyo mm 200, unene wa bati mm 4, limezibwa pande zote mbili, nataka kulijaribu kwa maji mpaka bar 10 huku narekodi presha na kutanuka kwa bati kwa wakati mmoja. Juu ya bati kuna streini geji mbili (vipande vya kubandika ambavyo ukinzani wake unabadilika bati likitanuka) za ohm 350, geji fakta 2.0 (yaani ukinzani unabadilika mara mbili ya streini), moja imelala kuzunguka tangi na nyingine imelala kwa urefu wake. Kila geji ina waya mbili nyembamba za shaba (0.14 mm²), mita 8 mpaka mezani. Pale mezani nimefunga daraja la Wheatstone (saketi ya mikono minne, geji ikiwa mkono mmoja) kwa resista tatu za kawaida za asilimia 1, nalilisha zile volti 5 zinazotoka kwenye kadi yenyewe, na pato lake mguu mmoja umeingia kwenye chaneli mwingine kwenye graundi ya kadi. Kadi ni ya USB, biti 14, renji ±10 V, chaneli zote zimesetiwa kusoma dhidi ya graundi kwa sababu ndivyo ilivyokuja.

Sensa ya presha ni transmita ya waya mbili, miliamp 4 mpaka 20, bar 0 mpaka 16, kibandiko kinasema 10–30 VDC. Naipa volti 12 na nimeweka resista ya ohm 250 ili kadi isome volti 1 mpaka 5.

Sasa matatizo. Presha inapanda vizuri mpaka kama bar 4 halafu inagoma hapo hapo hata kama geji ya presha ya mshale inaonyesha bar 9. Streini nikiwa sijaweka presha yoyote nasoma karibu volti 2.5, naitoa kama ofseti, lakini inayobaki inapanda kwa ngazi ngazi kubwa na inahama yenyewe, ikipigwa na jua inaenda huku, upepo ukivuma inarudi. Pampu ikiwaka kila kitu kinatetemeka. Na cha ajabu zaidi chaneli ambayo sijaunganisha kitu chochote nayo inaonyesha presha! Kadi imeharibika au ni mipangilio?

---

fundi_saketi

Karibu mkuu, na asante kwa kuandika kila kitu, watu wengi wanakuja na "sensa haisomi" basi.

Kadi yako ni nzima. Nianze na presha kwa sababu jibu lake limo kwenye maelezo yako. Transmita ya waya mbili haina njia nyingine ya kupata umeme, inaishi kwa mkondo uleule inaoutumia kukuletea kipimo, kwa hiyo volti 12 zako zinagawanywa, kiasi kinabaki kwenye resista na kinachosalia ndicho cha transmita. Kwenye miliamp 4 resista ya ohm 250 inakula volti 1, transmita inapata 11, hakuna shida. Kwenye miliamp 8 resista inakula 2, transmita inabaki na 10, na kibandiko kimesema 10 ndiyo mwisho. Ikitaka kupanda zaidi ya hapo haina cha kupandia. Haya miliamp 8 kwa transmita ya bar 16 ni bar ngapi, toa 4, gawa kwa 16, zidisha kwa 16, unapata bar 4. Palepale inapogoma. Mpe volti 24, hata kwenye miliamp 20 resista itakula 5 na transmita itabaki na 19.

Mpangilio wa waya: chanya ya 24 inaingia chanya ya transmita, hasi ya transmita inakwenda juu ya resista, chini ya resista inarudi kwenye hasi ya pawa saplai. Kadi isome juu na chini ya resista, hakuna kingine. Na kwenye programu usiishie kuandika bar = (V − 1) ÷ 4 × 16, ongeza na sharti kwamba volti ikishuka chini ya 0.9, yaani miliamp 3.6, iandike hitilafu. Waya ukikatika transmita haitakuletea sifuri, itakuletea bar hasi, na mtu aliyechoka anaweza kuichukua kama kipimo.

Ile chaneli tupu inayosoma presha isikutie hofu. Kadi za bei ya kawaida zina kibadilishi kimoja tu ndani (kile kinachogeuza volti kuwa namba), chaneli zinaingia kwake kwa zamu. Chaneli isiyo na kitu haina wa kuivuta kwenye thamani yake, kwa hiyo inabaki na chaji ya chaneli iliyotangulia. Zile usizotumia zifunge kwenye graundi au zitoe kabisa kwenye orodha ya kusoma.

Streini nawaachia wengine, najua kuna watu humu wanaiweza kuliko mimi.

---

Zuhura_geji

Habari kaka. Mimi naomba uweke programu pembeni kwanza uchukue karatasi. Kabla ya kugusa renji, kabla ya kuchagua kadi, lazima ujue ishara unayoitafuta ina ukubwa gani, maana ukishaijua hiyo, mipangilio mingine yote inajipanga yenyewe, na usipoijua utabadilisha vitu mwezi mzima bila kujua kipi kimesaidia.

Tangi lenye ukuta mwembamba lililozibwa pande zote: streini ya kuzunguka ni pD ÷ (4tE) × (2 − ν). Presha bar 10 ni MPa 1, kipenyo D ni mm 200, unene t ni mm 4, chuma chukua E (ugumu wake wa kuvutika) ya GPa 200 na ν (uwiano wa Poisson, kusinyaa kwa upande kikivutwa) ya 0.3. Kipande cha mbele kinatoa maikrostreini 62.5 (sehemu 62.5 kwa milioni za urefu), zidisha kwa 1.7 unapata kama 106. Ya urefu unazidisha kwa (1 − 2ν), yaani 0.4, unapata 25. Hiyo ndiyo streini yote utakayoiona kwenye jaribio lako, 106 na 25.

Sasa igeuze iwe volti. Daraja lenye geji moja linatoa robo ya geji fakta mara streini mara volti ya kulisha. Kwa volti 5 hiyo ni maikrovolti 2.5 kwa kila maikrostreini moja. Kwa hiyo bar 10 nzima itakupa milivolti 0.265. Kadi yako biti 14 kwenye ±10 V, ni volti 20 ukizigawa kwa 16,384, ngazi moja ni milivolti 1.22. Ngazi MOJA ya kadi ni karibu maikrostreini 490! Unatafuta 106. Ni kupima chumvi ya kijiko kwenye mizani ya magunia. Zile ngazi ngazi unazoziona sio tangi linatanuka, tangi lako halijawahi kufikisha hata ngazi moja.

Kwa nini basi inaruka? Hizo volti 2.5 za mwanzo zinasema kila kitu. Daraja likiwa sawa pato lake likiwa halina mzigo linakaa karibu na sifuri, milivolti chache tu. Wewe volti 5 za kulisha zinatoka kwenye kadi, graundi yake ni ileile ya kadi, halafu mguu wa pili wa pato nao ukaupeleka graundi. Hapo resista moja ya daraja umeifunga fupi. Hakuna kilichoungua kwa sababu mkondo ni mdogo, lakini daraja limekufa, lililobaki ni geji na resista moja zinazogawana volti 5. Sasa volti 5 za USB hazitulii. Zikitikisika milivolti 10 tu, wewe unaona milivolti 5, ambazo kwa hesabu yako ni maikrostreini 2000. Pampu ikiwaka ndiyo hiyo unayoiona. Daraja zima lingekuwa limeufuta mtikisiko huo karibu wote kwa sababu miguu yote miwili ingepanda na kushuka pamoja, na ndiyo sababu kubwa ya watu kuhangaika na daraja badala ya kupima ohm moja kwa moja.

Kwa hiyo la kwanza, toa ule mguu kwenye graundi, pato la daraja lisomwe difrensheli, yaani tofauti kati ya miguu yote miwili kwenye chaneli moja. Kwenye programu badilisha aina ya muunganisho iwe difrensheli. Utapoteza nusu ya chaneli lakini hapa huna njia nyingine.

La pili, ongeza amplifaya au badilisha kifaa. Hiyo niambie kwanza unachotaka kutumia.

---

mpimatangi

Dada Zuhura asante sana, na fundi_saketi pia. Nimezungusha hesabu zenu mwenyewe na kweli presha inagoma pale pale ilipotakiwa kugoma.

Kuhusu kifaa nimeona moduli ndogo za HX711 zinazotumika kwenye mizani, wanasema ni biti 24, je zinanitosha? Na kuna mtu amenishauri niongeze volti ya kulisha daraja mpaka 10 ili ishara iwe mara mbili. Halafu hili la kuhama kwa jua mbona hamjaligusa, ndilo linaloniumiza zaidi.

---

Zuhura_geji

La jua ni la waya zako, na resista zako. Nifuate.

Waya wa shaba wa 0.14 mm² una kama ohm 0.12 kwa mita. Mita 8 kwenda na 8 kurudi ni karibu ohm 2, na hizo ohm 2 ziko mfululizo na geji, daraja halijui tofauti kati yake na geji. Kwanza zinakupa ofseti: 2 kwa 350, gawa kwa geji fakta 2, ni zaidi ya maikrostreini 2800 kabla hujafanya lolote. Hiyo unaweza kuitoa. Usiyoweza kuitoa ni joto. Shaba inaongeza ukinzani wake karibu asilimia 0.39 kwa kila nyuzi moja ya selsiasi. Jua likiupasha waya nyuzi 10, ohm 2 zinaongezeka 0.078, ambayo ni maikrostreini 111. Linganisha na 106 yako ya bar 10. Jua peke yake linakupa jaribio zima!

Dawa ni waya wa tatu. Upande mmoja wa geji unatoa waya mmoja, upande mwingine unatoa waya mbili kutoka kwenye nukta ileile. Mmoja kati ya hizo mbili unapeleka mkondo kwenye resista jirani ya daraja, mwingine unasoma tu. Hapo waya mmoja unakuwa kwenye mkono wa geji na mwingine kwenye mkono wa jirani, vikipata joto vyote viwili vinapanda sawa na daraja linavifuta. Waya zote tatu ziwe za aina moja, urefu mmoja, zitembee pamoja zimesokotwa.

Resista: za kawaida zinaweza kuhama sehemu 100 kwa milioni kwa kila nyuzi. Gawa kwa 2, maikrostreini 50 kwa nyuzi moja, na hiyo ni resista moja tu. Tafuta za usahihi wa asilimia 0.1 au zaidi ambazo zinahama sehemu 5 kwa milioni au chini ya hapo. Hapa usibane matumizi, zinunue.

Volti 10 sikushauri bila sababu. Geji ya ohm 350 kwenye daraja la volti 5 inapata 2.5, joto lake ni kama miliwati 18. Kwa volti 10 ni mara nne, 71. Chuma cha mm 4 kinaweza kulivuta joto hilo kwa geji isiyo ndogo sana, lakini ukianza kuona kipimo kinatambaa kila ukiwasha ndipo utajuta. Kwa geji ya ohm 120 ningekataza kabisa, hiyo ingefika zaidi ya miliwati 200.

---

biti24

Niingie kwenye HX711 maana nimeitumia sana.

Inafaa kwa jaribio la taratibu, lako linafaa. Chaneli A ina geini (mara inazokuza ishara) 128 au 64, kwa umeme wa volti 5 na geini 128 inachukua kama ±20 mV, na ishara yako ya 0.265 mV itaonekana vizuri tu. Usidanganywe na biti 24 hata hivyo, noizi inakula biti kadhaa za chini, ila hata zikiliwa bado iko mbali mno mbele ya kadi yako ya ±10 V. Mambo mawili ya kuzingatia. Chaneli B ina geini 32 tu, kwa hiyo usiweke geji ya urefu pale, chukua moduli mbili, moja kwa kila geji. Na inatoa sampuli 10 au 80 kwa sekunde, basi, kwa hiyo kama siku moja utataka kuona mshtuko wa maji vali inapofungwa ghafla, haitauona.

Ugumu wake mkubwa kwako ni saa. Presha iko kwenye kadi ya USB, streini iko kwenye moduli nyingine inayokwenda kwa saa yake, halafu unataka kuchora streini dhidi ya presha. Ukipandisha presha kwa hatua na kusubiri itulie kila hatua, sawa, haidhuru. Ukipandisha mfululizo utapata mchoro umepinda bila sababu kwa kuwa nusu moja ya data imechelewa.

Kama bajeti inaruhusu, vifaa vilivyotengenezwa kwa daraja vinakupunguzia maumivu yote haya. Mfano NI 9237 ya National Instruments, chaneli nne zinazosomwa kwa wakati mmoja sio kwa zamu, biti 24, mpaka sampuli 50,000 kwa sekunde kila chaneli, na volti ya kulisha unachagua 2.5, 3.3, 5 au 10. Ila kwa geji moja moja kama zako inahitaji resista ya kukamilisha daraja kutoka nje, watu wengi wanashangaa wakishanunua.

Njia ya kati ambayo mimi ningeichukua ni kubaki na kadi yako na kuongeza amplifaya ya ala kama AD620 kwa kila daraja. Geini yake ni 1 + 49.4 kΩ ÷ RG, RG ikiwa resista ya kuchagua geini, ukiweka ohm 100 unapata 495. Milivolti 0.265 inakuwa 131. Na sasa unaweza kushusha renji ya kadi mpaka ±1 V kama inaruhusu, ngazi inakuwa milivolti 0.122, karibu sehemu moja ya kumi ya maikrostreini. Kadi ileile! Ila chunga, amplifaya inakuza na ofseti pia. Resista iliyokosea asilimia 1 kwenye daraja la volti 5 inaleta milivolti 12.5, mara 495 ni volti 6.2, renji yako ya ±1 imeshajaa kabla hujaweka maji. Kwa hiyo lisawazishe daraja kwanza, ndipo ukuze. Chanzo cha volti 5 kiwe kimetulia, sio kile cha USB, na amplifaya uilishe chanya na hasi ili ile volti 2.5 ya katikati ya daraja iwe ndani ya mipaka yake.

Chaneli zote ziwe kwenye kazi moja ya programu, saa moja, bafa moja. Nimeona watu wanatengeneza luupu mbili, moja ya presha moja ya streini, halafu wanashangaa data hazilingani urefu.

---

fundi_saketi

Nina wazo kuhusu joto. Kwa nini asiweke geji zote mbili kwenye daraja moja, mikono inayopakana? Mikono inayopakana inatoana, anapata 106 toa 25, yaani 81, na joto lote linafutika kwa sababu geji zote mbili ziko kwenye bati moja. Akiongeza nyingine mbili, mbili za kuzunguka na mbili za urefu, anapata daraja kamili lenye 162 na hahitaji tena resista za bei.

---

Zuhura_geji

Kwa mtu anayetaka kugeuza tangi liwe sensa ya presha nakubaliana na wewe kabisa, hilo ndilo daraja bora. Lakini huyu anataka kujua bati linafanya nini, na akizichanganya anapoteza kitu cha thamani sana. Uwiano wa 106 kwa 25 ni kama 4.25, na hautegemei presha wala unene wala E, unategemea ν peke yake. Akiwa na vipimo viwili tofauti anaweza kujikagua. Uwiano ukitoka 2 au 9 anajua geji imebandikwa kombo au mojawapo imeachia gundi. Akiwa na 81 tu, hatajua kamwe.

Kwa joto ningemshauri geji ya uongo. Unabandika geji nyingine ya pakiti ileile kwenye kipande cha chuma kilekile, kipande hakibebi mzigo, unakiweka kikigusana na tangi kwenye kivuli kimoja, na geji hiyo inakuwa mkono wa jirani wa daraja. Waya zake ziwe urefu uleule. Kila daraja na geji yake ya uongo.

Na angalia pakiti ya geji, kuna namba ya metali iliyokusudiwa. Kwa chuma utakuta 11, au 06 kwa watengenezaji wanaotumia nyuzi za farenhaiti. Ukikuta 23 au 13 hiyo ni ya alumini, itakuhamia hata ukifanya mengine yote sawa.

---

mpimatangi

Pakiti imeandikwa 11, nimeshukuru Mungu. Naenda na AD620 na geji za uongo. Swali la mwisho kabla sijafunga: nitajuaje kwamba mnyororo wote unasoma ukweli? Presha ninayo geji ya mshale ya kulinganisha, streini sina cha kulinganisha nayo. Na mipangilio ya sampuli, niweke ngapi?

---

biti24

Kulinganisha streini ni kazi ya resista ya shanti. Unaigusisha resista kubwa sambamba na geji, ukinzani unashuka kiasi kinachojulikana, na programu lazima ionyeshe streini inayolingana nacho. Watu wengi wanatumia kΩ 100, kwa geji yako hiyo ni maikrostreini 1744, lakini kwako ni kubwa mno, mara geini 495 itafika volti 2.16 na kutoka nje ya renji ya ±1. Tumia MΩ 1, inakupa 175, iko karibu na kile unachotaka kupima na ndivyo inavyotakiwa. Itatoka hasi kwa sababu ukinzani umepungua. Igusishe kwenye geji yenyewe kule kwenye tangi, sio mezani, ili waya zote mita 8 ziwe ndani ya ukaguzi. Fanya hivyo kabla na baada ya jaribio, na uandike namba zote mbili.

Sampuli weka 1000 kwa sekunde kila chaneli na uchukue avereji ya 100, utapata kipimo 10 kila sekunde. Sababu ya 100: hizo ni milisekunde 100, zinabeba mizunguko mitano kamili ya umeme wa 50 Hz au sita ya 60 Hz, kwa hiyo mngurumo wa umeme unajifuta popote ulipo. Usije ukashusha kasi ukaweka 50 kwa sekunde ukidhani unapunguza noizi. Mngurumo wa 50 Hz ukisomwa mara 50 kwa sekunde unaonekana kama mstari ulionyooka, umetulia vizuri, na utauamini kwamba ni streini. Filta ya kwenye programu haiwezi kuurekebisha tena, imeshachelewa, ndiyo maana filta ya kuzuia hilo inakaa kabla ya kibadilishi.

Shildi ya waya (ganda la metali linalouzunguka) ifungwe graundi upande wa meza tu, usiifunge na kwenye tangi. Na waya za geji zisilale sambamba na waya za mota ya pampu.

---

Zuhura_geji

Niongeze moja kuhusu unyevu kwa kuwa kuna maji. Kabla ya kuwasha pima ukinzani kati ya geji na bati la tangi, unatakiwa uzidi MΩ 1000. Ukiwa chini kuna maji au uchafu umeingia chini ya gundi na kipimo kitatambaa siku nzima. Usitumie kipima insulesheni cha volti 500, utaitoboa geji, tumia cha volti ndogo.

Na hewa yote itoke kwenye tangi kabla ya kupandisha, jaza mpaka maji yamwagike juu ndipo ufunge. Tangi lililojaa maji likipasuka linachuruzika, lenye hewa iliyobanwa linarusha vyuma. Tafadhali hilo usilipuuze.

---

mpimatangi

Wakuu nimerudi. Presha na volti 24 inafuatana na geji ya mshale mpaka juu, haigomi popote. Shanti ya MΩ 1 ilinipa hasi 174 kabla na hasi 174 baada. Nimepandisha kwa bar 2, kila hatua nazima pampu, nasubiri itulie, narekodi. Bar 10 imenipa 103 kuzunguka na 27 kwa urefu, na nilipoachia presha zote mbili zilirudi ndani ya maikrostreini 2 ya sifuri. Jua lilikuwepo na halikufanya lolote. Mstari wa streini kwa presha umenyooka kama rula.

Ila mbona 103 sio 106, na 27 sio 25? Kuna kitu bado?

---

Zuhura_geji

Hongera kaka, hivyo ni vipimo safi.

Tofauti hiyo iko ndani ya vile ulivyoviweka kwenye fomula. Mm 200 yako bila shaka ni kipenyo cha nje, ukitumia cha katikati ya bati, mm 196, hesabu inashuka mpaka 104. E ya chuma nimeichukua 200, vyuma vingi viko kati ya 200 na 210. Ya urefu ν ikiwa 0.29 badala ya 0.3 inapanda mpaka 26, na geji ya urefu huonja kidogo streini ya upande, kwa hiyo maikrostreini moja ya ziada sio ajabu. Uwiano wako ni 3.8, nimeridhika nao.

Kitu pekee ambacho hujakipima ni unene. Bati la mm 4 mara nyingi sio mm 4 kamili. Tafuta kipima unene cha ultrasoniki, pima pale pale zilipo geji, kisha rudia hesabu kwa unene huo. Na faili lako hakikisha limehifadhi volti ghafi za kila chaneli pamoja na maikrostreini, ili ukibadilisha E au unene au geji fakta usilazimike kujaza tangi tena.

---

mpimatangi

Volti ghafi nilikuwa sihifadhi, nimeongeza safu mbili kwenye faili sasa hivi. Kipima unene nimekiazima, kesho nakipata. Nitaweka mchoro hapa pamoja na mpangilio wa waya kwa atakayekuja na tangi lake.